Sadaka ya Askari Haingoji Siku Njema

Kila mwisho wa mwezi, mshahara unapoingia, kambini huonekana mambo mawili. Dukani karibu na lango watu husongamana kulipa madeni ya sukari, sabuni na mafuta ya kupikia. Na Jumapili inayofuata, kanisani, kapu la sadaka hupita likiwa jepesi kuliko lilivyokuwa mwezi uliotangulia. Tukiulizana sababu, jibu huwa moja: hali ya dunia si ya kutegemea. Bei zinapanda, amri ya uhamisho yaweza kuja usiku, watoto wanadaiwa karo, na nani ajuaye kikosi kitatumwa wapi kesho? Basi twasema: na tungoje mambo yatengemae, ndipo tutakapotoa.

Sisi tunaoandika makala haya tumelisema neno hilo mara nyingi, tena kwa sauti ya mtu mwenye busara. Leo twataka kulipinga. Twawaandikia hasa askari wa jeshi na wa polisi walio Wakristo kama sisi. Wenzetu Waislamu wanazo zaka na sadaka zao, na katika kambi tunazokaa pamoja wametutangulia mara nyingi; hatuandiki ili kuwafundisha wao, bali ili kujisema wenyewe.

Na tuanze kwa kukiri. Tulipokuwa luteni wapya, mwaka mmoja tu tangu kutoka chuo cha kadeti, koplo mmoja wa kombania yetu alifariki kwa ajali ya gari akiwa kazini. Aliacha mjane na watoto wanne katika kibanda kimoja cha mabati ya duara, vile tunavyoviita "mama ingia pole" kwa sababu mlango wake humlazimisha kila aingiaye kuinama. Mafao ya marehemu yalikuwa yatakuja, lakini sote twajua kwamba karatasi hutembea polepole, na njaa haisubiri karatasi. Sajenti wa platuni akachukua daftari la shule, akapiga mistari kwa rula, akapita mlango kwa mlango. Kila mtu aliandika jina lake na kiasi alichotoa.

Daftari lilipotufikia tuliona kwamba mpishi, askari wa cheo cha chini kabisa, alikuwa ameandika shilingi 5,000. Nasi tuliandika jina letu kwa mwandiko mzuri wa afisa, tukaacha nafasi ya fedha wazi. Tulimwambia sajenti, "Tutaona mwisho wa mwezi." Fedha tulikuwa nazo. Zilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, shilingi laki moja na ushei. Lakini siku hizo palikuwa na uvumi kwamba kikosi kitahamishwa, na hofu ikatuambia kwamba mwenye fedha kidogo katika siku za mashaka hana budi kuzilinda.

Mwisho wa mwezi haukumkuta mjane yule kambini. Alikwisha kuondoka juu ya lori, yeye na watoto na godoro moja, kurudi kwao. Uhamisho wenyewe haukutokea. Miaka miwili baadaye sajenti alipohamishwa alitukabidhi majalada ya platuni, na daftari lile lilikuwa ndani yake. Jina letu lilikuwa pale pale, na mbele yake pakavu. Sajenti hakusema neno, nasi hatukusema. Zile fedha za kwenye kopo hatukumbuki hata leo tulizitumia kwa jambo gani.

Ndiyo maana twasema kwamba hoja ya kungoja siku njema haina nguvu, na kwa askari haina nguvu kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Mkulima aweza kusema ngoja mvua inyeshe, mfanyabiashara aweza kusema ngoja soko lifunguke. Askari angoje nini? Kazi yake yote imejengwa juu ya mashaka. Aagapo nyumbani kwenda lindo au doria, hana hati ya kuthibitisha kwamba atarudi. Akiahirisha wema mpaka siku ya uhakika, ameuahirisha mpaka kaburini. Hivyo, kwetu sisi, ama utoaji ni jambo la siku za mashaka, ama si jambo letu kabisa.

Tukifungua Agano Jipya twaona kwamba watu wa sare hawakusahauliwa. Katika Injili ya Luka sura ya 3, watu walimwendea Yohana Mbatizaji kuuliza wafanye nini. Makutano aliwaeleza juu ya mwenye kanzu mbili na asiye nayo, na juu ya chakula vivyo hivyo. Kisha askari nao wakauliza habari yao. Hakuwaambia waache silaha. Hakuwaambia watoe mali nyingi. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu uongo, tena watosheke na mishahara yao. Mafundisho hayo yana mpango. Kwa mtu mwenye bunduki, ukarimu huanzia pale anapouzuia mkono wake usichukue kisicho chake. Mkono uliozoea kupokonya haufundishiki kutoa. Hata ukitoa, watu watauliza umekipata wapi.

Kisha wapo maakida wawili. Mmoja ni yule wa Kapernaumu, ambaye wazee wa Kiyahudi walimwombea kwa Yesu wakisema kwamba aliwajengea sinagogi, yeye mgeni na afisa wa jeshi lililoitawala nchi yao. Wa pili ni Kornelio wa Kaisaria, ambaye Matendo ya Mitume sura ya 10 yamtaja kuwa mtu wa sala na wa sadaka nyingi kwa watu, hata kabla Petro hajamfikia. Maakida wale hawakuishi katika utulivu. Walikuwa maafisa katika jimbo lenye fitina na maasi. Basi waliweza kutoa wakiwa katikati ya hatari, nasi tusitafute udhuru.

Sisi Waganda tunayo sababu ya pekee ya kulitafakari neno lile la Yohana. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa nchini, na maduka yao yakagawiwa watu, wengi wao wakiwa wanajeshi. Hapo ndipo lilipozaliwa lile jina la "mafutamingi". Haukupita muda mrefu rafu zikawa tupu. Sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya taa vikapotea dukani vikaonekana katika magendo. Katika miaka hiyo raia alipoiona sare alificha kuku wake. Lakini wazee hao hao husimulia pia kwamba chumvi iligawanywa kwa kijiko kati ya jirani na jirani, na kipande kimoja cha sabuni kikakatwa kwa uzi ili nyumba tatu zifue. Waliokuwa na bunduki walijilimbikizia, na waliokuwa na kijiko cha chumvi waligawana. Twaomba kila askari kijana ayapime makundi hayo mawili, kisha ajiulize ni lipi lililokuwa na woga zaidi.

Huko mbali nako pana mfano ambao kila askari Mkristo yafaa aujue. Katika karne ya 4 palikuwa na askari wa farasi katika jeshi la Rumi aliyeitwa Martin, mzaliwa wa Pannonia, sehemu ambayo leo ni Hungaria. Wakati wa baridi kali iliyokuwa ikiua watu, alikutana na maskini aliye uchi kwenye lango la mji wa Amiens, katika Ufaransa ya leo. Martin hakuwa tajiri. Nguo zake nyingine alikwisha kuzigawa, na hapo alibaki na silaha zake na vazi moja la kijeshi la kujifunika. Akachomoa upanga, akalikata vazi lile vipande viwili, akampa maskini nusu. Baadhi ya waliosimama pale walimcheka, maana askari mwenye nusu ya vazi ni kichekesho. Wakati huo Martin alikuwa hata hajabatizwa. Baadaye alikuja kuwa askofu wa Tours, na Kanisa humkumbuka tarehe 11 Novemba.

Tusije tukaeleweka vibaya: magwanda ya leo ni mali ya serikali, na raia akikutwa nayo atashtakiwa. Hatumwambii mtu akate sare yake. Lakini na tuutazame ule upanga. Chombo alichopewa Martin kwa kazi ya vita ndicho kilichomkatia maskini haki ya kuishi mpaka asubuhi. Tena hakutoa vazi zima akafa yeye kwa baridi, wala hakungoja kupata vazi la pili. Aligawana. Neno hilo kugawana ndilo tunalolitaka, kwa kuwa linamfaa mtu mwenye mshahara mdogo na familia ya kulisha.

Mfano wa karibu zaidi tuliuona kwa macho yetu mwaka 2020. Mwezi Machi wa mwaka huo, korona ilipoingia nchini, usafiri wa umma ulisimamishwa na watu wakaamriwa kukaa nyumbani. Mtu wa Kampala aliyezoea kula jioni alichokipata asubuhi akajikuta hana asubuhi. Mwezi Aprili serikali ilianza kugawa chakula katika Kampala na Wakiso, unga wa posho kilo 6 na maharagwe kilo 3 kwa kila mtu aliyestahili, na waliobeba magunia yale mlango kwa mlango walikuwemo askari. Ni kweli pia kwamba mwezi Machi wapo wenye sare waliowachapa fimbo wanawake wachuuzi katikati ya jiji, hata uongozi wa jeshi ukaomba radhi. Sare ni ile ile. Mwananchi wa jiji aliijua kwa fimbo mwezi mmoja, na mwezi uliofuata akaijua kwa gunia la unga. Ni ipi itakayokaa katika kumbukumbu ya watoto wake? Hilo litategemea tunavyoendelea kuishi nao.

Hata hivyo, unga ule ulikuwa wa serikali, nasi tulikuwa wachukuzi tu. Kuugawa kwa uaminifu ni wajibu, wala haifai kujisifu kwa ukarimu wa mali ya umma. Kadhalika kwa ndugu zetu polisi: dhamana ya polisi hailipiwi. Ofisa anayemwandikia maskini dhamana bila kudai chochote, au anayepokea malalamiko yake bila kumwagiza alete fedha za karatasi na mafuta ya gari, hajamkarimu. Amempa haki yake. Ukarimu wa Mkristo huanzia mahali haki inapokwisha, yaani katika mfuko wake mwenyewe, katika saa zake za mapumziko, katika sahani yake.

Wapo waliotuonyesha jambo hilo bila kuvaa sare yoyote. Mwezi Julai 2016 mapigano yalizuka upya Juba, na maelfu ya watu wa Sudani Kusini wakavuka mpaka kuingia Uganda. Mwezi Agosti makazi ya Bidi Bidi yakafunguliwa katika wilaya ya Yumbe, na kwa miezi michache tu yakapokea wakimbizi zaidi ya 200,000. Ardhi waliyopewa kujenga vibanda na kulima bustani ilikuwa ya wenyeji, watu ambao wao wenyewe si matajiri. Tukitafuta sababu, sehemu yake imo katika historia. Baada ya vita vya mwaka 1979 na misukosuko ya mwaka 1980, watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudani na Zaire, kama ilivyoitwa wakati huo, wakaishi huko miaka mingi kwa ardhi ya wengine. Waliporudi walikuwa wamejifunza kwamba mwenye nyumba na mkimbizi ni mtu mmoja aliyekutwa katika miaka miwili tofauti.

Inafaa kukumbuka kwamba wakazi wengi wa Yumbe ni Waislamu, na wengi wa waliopokelewa ni Wakristo. Mkristo mwenye sare anayelinda amani katika makazi yale hana haja ya kusafiri hadi Samaria kumtafuta Msamaria Mwema. Anapishana naye njiani akiendesha baiskeli. Na siku za mashaka hazikuisha. Mwezi Aprili 2020 Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30 kwa ukosefu wa fedha. Mgao ukipungua kambini, jirani wa nje ya kambi ndiye anayebishiwa hodi kwanza.

Sasa tuliendee swali gumu, ambalo msomaji wetu amekwisha kulifikiri: Nikitoa leo, na kesho nikauawa, wanangu watakula nini? Swali hilo ni la haki, nasi hatulidharau. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo maneno makali juu ya mtu asiyewatunza walio wake. Askari anayetoa kwa fahari kanisani huku mkewe anakopa unga si mkarimu, na tumewaona. Tumewaona pia wanaoweka rehani kadi zao za benki kwa wakopeshaji ili waonekane watoaji kwenye arusi. Wapo hata wanaotoa kama mcheza kamari, kwa kuwa mhubiri fulani aliwaahidi kwamba mbegu ya shilingi elfu kumi italeta gari. Huyo hatoi, anafanya biashara na Mungu, na akikosa gari atamkasirikia.

Lakini na tulitazame swali lile kwa upande wa pili. Askari akifa, ni nini kinachowalinda watoto wake katika juma la kwanza, kabla mafao hayajatoka? Ni lile daftari la sajenti. Ni desturi ya kambi kwamba mjane haondoki mikono mitupu. Desturi hiyo haina hazina pengine popote isipokuwa katika mikono ya walio hai, na kila anayeacha nafasi yake wazi anapunguza kile ambacho siku moja kitawafikia wanawe mwenyewe. Hatusemi kwamba tutoe ili tuje tulipwe. Twasema kwamba hofu inapotuambia tufunge mkono kwa ajili ya watoto wetu, hofu hiyo haisemi kweli yote.

Basi tufanyeje? Kwanza, kiasi kiwe kidogo na kiwe cha kudumu. Shilingi 2,000 zilizotengwa kila mwezi kabla ya kwenda dukani zina maana kuliko laki moja iliyoahidiwa. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja ya unga nabii Eliya alipomwomba chakula. Hakungoja debe lijae. Pili, tutunze akiba. Vyama vya kuweka na kukopa vipo jeshini na polisi, na mtu mwenye akiba yake hana haja ya kuogopa kila uvumi wa uhamisho. Yusufu aliweza kuwalisha watu katika njaa kwa sababu aliweka nafaka katika shibe. Tatu, yafaa wenye vyeo watangulie. Tuliona aibu, na tungali tunaona aibu, kwamba mpishi alitangulia afisa. Mtoaji wa cheo cha juu asisome majina ya waliotoa kidogo mbele ya paredi, maana kufanya hivyo ni kuchukua kwa mkono wa pili kile alichokitoa kwa mkono wa kwanza.

Nne, tusidhani kwamba asiye na fedha hana cha kutoa. Katika majuma ya Tarehe Sita, tunapoukumbuka mwanzo wa mapambano ya mwaka 1981, wanajeshi hutoa damu, hufagia hospitali na kukarabati shule. Kwa nini mambo hayo yangoje Februari? Daktari wa jeshi aweza kumtazama mtoto wa jirani jioni. Fundi wa magari aweza kumfundisha kazi kijana mmoja wa kijijini. Polisi wa zamu ya usiku aweza kumpa mama aliyepotelewa na mtoto kiti, maji na neno la upole, wala hakuna kanuni ya kazi inayomkataza. Askari anayejua kusoma aweza kumwandikia barua mzee anayedai kiwanja chake. Hayo hayapunguzi mshahara hata senti, bali hupunguza ile hofu ambayo mwananchi aliirithi tangu miaka ya mafutamingi.

Hatuandiki kama watu waliokwisha kufika. Hofu ya kopo la maziwa bado tunaijua. Hutujia kila bei ya sukari inapopanda na kila ujumbe wa uhamisho unaponong'onwa mesini. Tofauti ni kwamba sasa tunaitambua kwa jina lake, wala hatuiiti busara. Tulimtafuta mjane yule kwa msaada wa kasisi wa kikosi, tukampelekea tulichokuwa tumeahidi. Alipokea kwa adabu, akatukaribisha chai. Lakini mtoto wake mkubwa alikwisha kuacha shule mwaka ule ule waliporudi nyumbani, na fedha zetu, zilizofika zikiwa zimechelewa, hazikuweza kuurudisha mwaka huo.

Ndugu askari, ndugu polisi, mwisho wa mwezi unakaribia tena, na katika kombania au kituo chako lipo daftari linalopita. Pengine ni la mgonjwa, pengine ni la yatima, pengine ni la raia aliyeunguliwa na nyumba nje ya lango. Lifikapo mlangoni pako, usiandike jina peke yake.